Kesi ya Wanangu Dhidi ya Akili Zangu

4 Machi

Mwanangu amenishtaki. Nianze hapo hapo, maana nikianza na habari za mvua nitakuwa naremba.

Asubuhi nilikuwa uani napanga mabeseni chini ya bati linalovuja, mlango ukagongwa. Tarishi wa mahakama, mpole kweli kweli, akanipa bahasha na kuniomba sahihi. Nikamwuliza ni ya nani. Akasema, "Ni yako, Bibi." Nikavaa miwani, nikasoma pale pale mlangoni. Mkubwa, kifungua mimba wangu, anaiomba mahakama imteue yeye awe msimamizi wangu na wa mali zangu, kwa kuwa akili yangu imepungua na siwezi tena kujiamulia mambo. Mali zenyewe ni nyumba hii. Hana haya hata chembe.

Nimekuwa askari wa jela ya wanawake mpaka nikastaafu. Nimewalinda wezi, wauaji na matapeli wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniambia sina akili. Ilibidi nimzae mwenyewe wa kuniambia.

Nimeapa. Jina lake sitalitamka tena kwa kinywa changu, na humu ndani siliandiki.

5 Machi

Mvua. Kitinda, binti yangu wa mwisho ninayeishi naye, kaleta chai nikaimwaga. Baadaye nikajuta, nikachemsha nyingine.

7 Machi

Kitinda kanipeleka kwa wakili. Anasema huyu anachukua kesi za wazee tu. Nilidhani nitakuta mzee mwenzangu mwenye mvi na koti. Kumbe ni binti mdogo, kavaa viatu vya raba, ofisi yake nyuma ya duka la miwani. Nikamwambia Kitinda, twende zetu, huyu hata meno ya mwisho hayajamwota.

Yule Wakili hakukasirika. Alimwambia Kitinda, kwa adabu lakini bila kutabasamu, akae nje. Kitinda akasema, "Mimi ndiye ninayemtunza. Mama hasikii vizuri, nitamsaidia kujibu." Wakili akasema, "Mteja wangu ni Mama. Aliyemleta namshukuru, lakini siongei naye." Akafunga mlango. Kisha akahamisha kiti chake, akaja kukaa upande wa sikio langu zuri. Hakuniuliza ni lipi. Aliniona nilivyogeuza shingo nilipoingia.

Sikumpenda. Ila nilibaki.

Akanisomea ripoti ya daktari iliyoambatanishwa na maombi. Nikaona mjanja wangu alivyonitega. Mwezi wa kwanza Mkubwa alikuja kunichukua, akasema tunakwenda kupima presha. Tulikaa foleni mpaka mchana, sijala, miwani nimeiacha nyumbani. Tulipoingia, yule daktari akaanza: leo ni siku gani, tuko ghorofa ya ngapi, toa saba kwenye mia moja. Mimi kazini nilifundishwa jambo moja: anayeuliza ndiye mwenye funguo, anayejibu ndiye mfungwa. Kwa hiyo sikumjibu. Kila alichouliza nikamrudishia. Leo siku gani? Kwani wewe huna kalenda? Akafika mwisho akaniuliza, mwanao wa kwanza anaitwa nani. Naye kakaa hapo ubavuni kwangu, kakunja nne. Nikasema, "Si huyo hapo? Muulize mwenyewe."

Imeandikwa kwenye ripoti: "Ameshindwa kutaja jina la mtoto wake wa kwanza."

Wakili alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Mama, hili ndilo litakalotuua."

11 Machi

Mvua. Mabeseni yamejaa.

15 Machi

Mkubwa kaja na fundi mwenye futi ya kupimia. Wakapima ukuta wa mbele wakiwa wamesimama kwenye maua yangu. Nilitoka na ufagio. Fundi alikimbilia garini, yeye akabaki analowana.

"Mama, mimi nakuhurumia."

"Nihurumie ukiwa mbali."

"Maziwa yaliungulia jikoni, nyumba ikajaa moshi. Wewe ulikuwa umekaa sebuleni unasikiliza redio. Ungekufa. Kisha watu wangesema nini juu yangu?"

Nikamwambia watu wangesema mama yake amekufa kwa moshi wa nyumba yake mwenyewe, si kwa upweke kwenye chumba cha uani kwake. Maana huko ndiko anakotaka kuniweka. Chumba chenyewe nimekiona. Kina dirisha moja, nalo linatazama tangi la maji. Nimeshawahi kuwafungia watu kwenye vyumba vizuri kuliko kile.

Alipoondoka nilikaa. Hilo la maziwa ni kweli. Niliyaweka jikoni, nikasahau kuwa niliyaweka. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia.

18 Machi

Mvua. Nimemwambia Kitinda aite fundi wa bati.

20 Machi

Mvua. Nimemwambia Kitinda aite fundi wa bati. Anasema nilishamwambia.

23 Machi

Fundi wa bati hajaja mpaka leo. Nimemgombeza Kitinda. Anasema alikuja juzi, na mimi mwenyewe nikamfukuza nikidhani ni yule wa futi. Anasema hivyo huku anatazama sakafu. Sikumbuki. Mtoto ananidanganya, au siku hizi hata uongo na kweli siwezi kuvitenganisha.

26 Machi

Wakili kaleta daktari mwingine. Alikuja hapa hapa nyumbani, asubuhi, nimekwisha kunywa chai, miwani usoni. Wakili alipanga hivyo kwa makusudi. Anasema mtu wa umri wangu ukimpima amechoka, ana njaa, haoni, basi umepima njaa yake. Hilo nilimkubalia.

Kabla hatujaanza alinishika mkono: "Mama, leo jibu. Si jela hapa."

Nikajibu. Haikuwa rahisi, maana kila jibu nililihisi kama nakabidhi mkanda wa sare. Alinipa maneno matano niyashike, baadaye akayadai. Nikapata mawili. Akaniuliza nyumba ni ya nani, hati iko wapi, nikifa nataka iwe ya nani, nani ananizunguka na kila mmoja anataka nini. Hapo nilimjibu mpaka akaomba nipunguze mwendo. Alipofika kwenye jina la Mkubwa, nikanyamaza. Daktari akasubiri. Wakili akanitazama. Nikanyamaza.

Baada ya daktari kuondoka, Wakili alisema mimi ni mkaidi kuliko nyumbu. Nikamwambia nyumbu hajawahi kushtakiwa na mwanawe.

2 Aprili

Leo nimechomwa kisu na mtu niliyempa kisu anikatie mkate.

Wakili alinipigia simu niende peke yangu. Nikaenda. Alinitengea kiti, akafunga mlango, akanipa maji kwanza. Nikajua. Jela tulikuwa tunawapa maji kabla ya kuwaambia rufaa imekataliwa. Akasema upande wa pili wameongeza hati ya kiapo. Akanisomea. Kuna maziwa. Kuna fundi wa bati. Kuna siku niliyokwenda sokoni na kandambili za rangi mbili. Kuna usiku nilioamka nikamwita marehemu mume wangu afunge dirisha, jambo ambalo sikulijua mwenyewe mpaka niliposomewa. Chini kuna sahihi ya Kitinda.

Nilimwuliza Wakili, "Ulijua?"

"Sikujua. Lakini tangu siku ile alipong'ang'ania kukujibia, nilikuwa na wasiwasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Mama? Kwamba sikumpenda mwanao?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Wenye miavuli walikuwa wananipisha.

3 Aprili

Sikumgombeza usiku. Nilisubiri asubuhi. Kitinda alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia, "Hati yako nimeisoma." Sahani ikabaki mkononi mwake.

Nilitaka abishe. Nilijiandaa abishe, nimpe alichostahili. Hakubisha.

"Mama, nimechoka," alisema. "Nalala nikiwa nimetega sikio. Nikiwa kazini nafikiria jiko. Nilipata mchumba ukamfukuza. Ukamfukuza mara ya pili, kwa sababu ulisahau kuwa ulishamfukuza. Kaka aliniambia ikishauzwa nyumba nitaweza kupanga kwangu. Sikusema uongo hata mahali pamoja. Nionyeshe uongo."

Sikuweza kumwonyesha. Nikamwambia afungashe. Akasema atakwenda wapi na mvua hii. Nikasema hilo akamwulize kaka yake. Akafungasha kweli. Alipofika mlangoni alirudi, akazima jiko. Sufuria ilikuwa juu ya moto, nami sikuwa nimeiona.

Nimeandika haya yote na bado namchukia. Lakini namchukia kwa shida.

4 Aprili

Peke yangu. Mvua.

6 Aprili

Peke yangu. Nimezima jiko. Nimekwenda kutazama kama nimelizima. Nimelizima.

9 Aprili

Nimemfukuza Wakili.

Alinifanyisha mazoezi ya mahakamani. Akajifanya yeye ni wakili wa Mkubwa, akatembea huku na huko na viatu vyake vya raba. Akauliza, "Je, Mama, wewe husahau?" Nikasema, "Sisahau kitu." Akasimama. Akasema, "Hapana. Ukiulizwa hilo, utasema ndiyo. Kwa sababu unasahau, na mimi siwezi kukusimamisha kizimbani uape kisha useme lisilo kweli."

Nikamwuliza analipwa na nani. Akasema na mimi. Basi afanye kazi yangu, nikamwambia. Akasema hiyo ndiyo kazi yangu anayoifanya. Sheria haiulizi kama nasahau, inauliza kama naelewa nilicho nacho na ninachokitaka. Mtu anaweza kusahau alichokula na akajua wazi nani asimpe nyumba. "Lakini ukiwaambia husahau kitu, halafu wakakutolea fundi wa bati, Mama, hawataamini hata yale unayoyajua. Na lile jina pia. Utalitamka."

"Silitamki."

"Basi tutashindwa, na atakuwa msimamizi wako mtu usiyetaka hata kumtaja."

Nikamwambia hana adabu, ni mtoto wa juzi, na asinipigie simu tena. Alikusanya karatasi zake, akaniuliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

12 Aprili

Mvua kubwa. Umeme umekatika. Nani kaja kugonga katikati ya gharika hiyo? Domo.

Domo ni mke wa Mkubwa. Anauza vipuri vya pikipiki na sauti yake unaisikia kabla hujaliona duka. Tangu aolewe hatujawahi kukaa chumba kimoja tukapatana. Siku ya harusi yake aliniambia nguo yangu imenibana. Ilikuwa imenibana, lakini ndiyo mtu anaambiwa hivyo?

Akaingia anachuruzika maji, akaweka mfuko wa mkate mezani, akatazama jiko, akatazama mabeseni.

"Nyumba inavuja, Mama."

"Umekuja kupima nawe?"

"Nimekuja kukuona. Kitinda yuko kwangu, analia tu, ananichosha. Nasikia hata wakili umemfukuza. Umebakiza nani wa kumfukuza, mimi?"

"Nawe ukitaka, mlango ni ule."

Akavuta kiti akakaa. Akaniambia Mkubwa alimtaka naye atie sahihi hati ya kiapo, akakataa. Kwa sababu hiyo siku hizi wanapita ukumbini kama wapangaji. Nikamwuliza kwa nini alikataa, na hanipendi. Akasema kupenda hakumo humo.

"Unasahau, Mama. Nakuambia usoni kwako, maana wenzangu wote wanakuambia mgongoni. Unasahau, na itaongezeka, mama yangu mzazi ilimwanza hivi hivi. Lakini kusahau si kosa la mtu kunyang'anywa nyumba akiwa hai. Mume wangu si mwizi. Ana hofu, na kuna mnunuzi anamharakisha. Mtu mwenye hofu akipata mnunuzi haambiliki."

Nikamwambia atoke. Akasema atatoka mvua ikipungua. Haikupungua. Tukala ule mkate gizani, yeye akiinuka kila beseni linapojaa.

15 Aprili

Nimerudi kwa Wakili. Nilisimama mlangoni nikasema, "Nasahau." Akasema, "Karibu, Mama. Kaa."

24 Aprili

Mahakamani.

Chumba kidogo, feni haizunguki, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Mkubwa kakaa upande wa pili na wakili wake mwenye suti ya bei. Kitinda nyuma yake, kajikunyata. Domo kaingia mwisho, akatazama pande zote mbili, akaenda kukaa peke yake katikati.

Hakimu ni mtu mzima, ana mvi. Wakili alimwomba nijibu nikiwa nimekaa, na anayeniuliza asimame upande wa sikio langu zuri. Akakubali. Wakili wa suti akaanza na maziwa. Nikasema ni kweli, niliyaunguza. Akaja kwenye kandambili. Nikasema ni kweli, moja nyekundu, moja ya bluu. Fundi wa bati? Nilimfukuza, na sikumbuki, lakini nimeambiwa na nimekubali. Kila alichokuja nacho nikampa. Alianza kupoteza mwendo, kama mtu aliyekuja na nguvu kusukuma mlango ulio wazi.

"Kwa hiyo unakubali huwezi kuishi peke yako?"

"Nakubali nahitaji mtu wa kunitazamia jiko. Sijasema nahitaji mtu wa kuniuzia nyumba."

Hapo akatoa ripoti ya yule daktari wa kwanza. Akasoma mstari ule. Akamgeukia Hakimu, akasema mama asiyeweza kutaja jina la mwanawe wa kumzaa hawezi kusemwa ana akili timamu. Wakili wangu akaeleza ilivyokuwa siku ile, miwani, njaa, na Mkubwa aliyekaa ubavuni, akatoa na ripoti ya daktari wa pili. Hakimu akasikiliza, kisha akaweka kalamu.

"Mama, mimi nitakuuliza mwenyewe. Mwanao wa kwanza anaitwa nani?"

Sikumtazama Wakili. Nilijua anavyonitazama.

Nikasema, "Mheshimiwa, nalijua. Nililichagua mimi. Baba yake alitaka jingine, tukagombana nikiwa bado kitandani, nikashinda. Nimelitamka kila siku ya maisha yake mpaka mwezi wa tatu mwaka huu aliponiletea karatasi, nikaapa sitalitamka tena. Sikulisahau. Nililifungia. Leo nikilitamka ni kwa sababu mahakama imetaka, si kwa sababu nimemsamehe. Naomba iandikwe hivyo."

Hakimu akachukua kalamu. "Itaandikwa hivyo."

Nikalitamka. Lote, la kwake na la baba yake. Sauti ilinitoka ile ile ya kumwita aje kula.

Mkubwa akasimama. "Naam, Mama," akaitika.

Wakili wake akamvuta koti akae. Hakukaa. Alibaki amesimama, mtu mzima mwenye kitambi, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha asimame anapoitwa na mkubwa wake. Nilisikia uchungu ambao sikuusikia hata siku ya karatasi.

25 Aprili

Nimelala mchana kutwa.

6 Mei

Uamuzi. Maombi yametupwa. Hakimu amesema ninasahau na nitazidi kusahau, lakini ninajua kilicho changu na ninachokitaka, na hiyo inatosha kwa leo. Nilipenda yote isipokuwa hilo neno "kwa leo".

Nje ya mahakama Mkubwa alikuja mpaka mbele yangu. Nikampisha apite. Nyumba haitauzwa, na mimi na yeye bado hatujapatana. Kitinda nimemwambia anaweza kuja kuchukua godoro lake, na akitaka kuliacha pale pale lilipo sitamwuliza. Mchumba wake nitamruhusu kufika mpaka ukumbini.

14 Mei

Mvua imekata. Wakili ameniita. Anasema tumeshinda, lakini ushindi huu una mwisho, na ni afadhali niupange mimi kuliko upangwe na wengine. Kuna hati naweza kuandika sasa, nikiwa na akili zangu, nimtaje mtu nimtakaye aniamulie mambo siku nitakapokuwa siwezi. "Ukichagua wewe, hakuna atakayekuja kukuchagulia."

Nikamwambia nakuchagua wewe. Akakataa, sheria ya kazi yao haimruhusu. Nikakasirika kidogo. Halafu nikamwambia ampigie simu Domo.

Domo akaja na mafuta ya pikipiki mikononi. Akaisoma hati yote, kisha akasema, "Mimi? Hunipendi."

"Sikupendi."

"Basi kwa nini?"

"Wewe ndiye pekee uliyenitukana usoni."

Akavuta pumzi. Wakili akajifanya anapanga kalamu.

Nikamwuliza lililokuwa moyoni: "Siku ikifika, utaniambia?"

"Nitakuambia wewe kwanza," akasema, "kabla sijamwambia mume wangu, kabla sijamwambia mtu yeyote. Nitakuja nyumbani, nitakaa, nitakuambia."

"Nitakataa."

"Najua."

"Nitakufukuza."

"Nitasubiri mvua ipungue."

Akatia sahihi yeye, nikatia yangu, Wakili akagonga muhuri. Tukanywa maji. Nikaona bado kuna jambo linanikera, nikamgeukia Domo nikamwuliza, "Siku ikifika, utaniambia?"

Wakili aliinua uso, ndipo nikajua nilishauliza. Domo hakumtazama Wakili. Alinitazama mimi, akasema taratibu, neno kwa neno, "Nitakuambia wewe kwanza, Mama."